Tope la Namakhele

Tangu asubuhi jogoo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa benchi kule jikoni, na hakuna aliyethubutu kumchinja. Hapo kwa mzee Wepukhulu, mwendo mfupi tu kutoka stesheni ya Bungoma, kila mtu alijua maana yake. Mgeni wa posa akikubaliwa, jogoo huchinjwa, binti mwenyewe huleta maji ya kunawa, na watu hula wakashiba. Akikataliwa hupewa kiti, hupewa maneno laini, kisha huonyeshwa njia na njaa yake tumboni. Wepukhulu alikuwa ametoa amri hata kabla hajavaa koti lake la kanisani.

"Huyo kuku asiguswe mpaka mimi niseme."

Basi Nasimiyu akamtazama jogoo, jogoo naye akamtazama yeye, wote wawili hawajui siku itawaishia wapi. Tofauti yao ilikuwa moja tu: jogoo alikuwa anaomba jibu liwe hapana.

"Acha kumwangalia hivyo, utampa homa," alisema shangazi yake, Nanyama. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga za kunde, mwanamke mkavu wa mwili, mkali wa ulimi, dada mkubwa wa Wepukhulu. Alikuwa amekuja jana kwa ajili ya jambo hili hili, maana kwao msichana haozwi shangazi akiwa mbali.

"Shangazi, kama baba akikataa?"

"Akikataa utalia, halafu utanyamaza. Wengi tulifanya hivyo."

"Mimi sitanyamaza."

Mama yake, Agneta, aligeuka kutoka kwenye jiko, mwiko mkononi. "Hebu punguza sauti, we msichana. Wamefika."

Kweli mbwa walikuwa wanabweka. Nasimiyu alirukia dirisha dogo la jikoni, lile lisilo na ubao, akasimama pembeni ili aone asionekane. Wanaume wawili walikuwa wakisukuma baisikeli langoni, vumbi jekundu limewafika magotini. Wa mbele alikuwa Festus, mjomba wa kijana, mfupi, mcheshi, tayari ameshavua kofia. Nyuma yake alikuwa Mukhisa.

Weee, moyo una mambo yake! Nasimiyu alikuwa amejiambia usiku kucha kwamba akimwona atatulia kama mtu mzima. Alipoona tu lile shati jeupe, na jinsi alivyoinama kufungua kibanio cha suruali ili asiingie kwa watu kama mtu wa barabarani, akashika ukuta.

Walikutana Kitale, msimu wa kupanda uliopita. Nasimiyu alikuwa ameenda kumwuguza binamu yake Wilkista, aliyejifungua, mume wake akiwa kazini relini. Siku moja akitoka sokoni akakuta gari la ng'ombe limeziba njia, limejaa magunia ya mahindi, na kijana amekaa juu yake anafunga kamba bila haraka.

"Wewe na ng'ombe zako!" alimfokea. "Ati barabara ni ya baba yako?"

Kijana alimwangalia, akatabasamu. "Ya baba yangu si hii, dada. Yake ilikuwa kule mbele, lakini mzungu ameweka waya."

Alicheka. Hakutaka kucheka, lakini alicheka, na hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mpaka Wilkista anapata nguvu za kuchota maji mwenyewe, Nasimiyu alikuwa anajua saa ambayo gari la ng'ombe hupita, na Mukhisa alikuwa anajua kwamba yeye hucheka kwanza kwa macho. Siku ya kuagana Mukhisa hakumwomba watoroke, kama vijana wengine wafanyavyo. Alimshika mkono kidogo tu, akauachilia.

"Nitakuja kwenu mchana," alimwambia. "Kwa lango. Nataka baba yako anione mzima mzima."

Sasa alikuwa amekuja, na mchana ulikuwa mkali. Na jana baba alikuwa amemwambia Nasimiyu neno ambalo halikumtoka kichwani: "Nitamsikiliza mara moja tu. Nikisema hapana, usinitajie Kitale tena maisha yako yote."

Wanaume walikaa barazani, mbele ya nyumba kubwa, mahali ambapo kila neno lilisikika jikoni. Walisalimiana mulembe, mulembe, wakaulizana mvua, wakaulizana mahindi. Festus akasifu boma, akasifu ng'ombe, akasifu hata mbwa aliyetaka kumng'ata. Kisha akakohoa.

"Mzee, mimi sijui kuzunguka. Huyu ni Mukhisa, mtoto wa dada yangu. Tumeona ua katika boma lako. Tumekuja kuomba."

"Nimesikia," alisema Wepukhulu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na Nasimiyu aliuogopa upole huo kuliko kelele. "Kijana, mimi sina neno baya na wewe. Mikono yako naiona, ni ya kazi. Lakini mimi nikitoa msichana, natoa kwa ukoo. Sitoi kwa shamba la mzungu."

"Si ukoo tumetaja, mzee? Balunani."

"Umetaja wewe, mjomba. Mjomba anasimamia upande wa mama. Upande wa baba, nani yuko hapa?"

Festus alijikuna shingo. "Baba yake alifariki mtoto akiwa mdogo sana. Dada yangu naye akamfuata. Babu ndiye alimlea, na babu pia tumemzika."

"Ona sasa." Wepukhulu alivuta pumzi. "Balunani niliwajua mimi. Tuliishi nao kule juu, ng'ambo ya mto Kamukuywa, kabla ya waya wa mzungu. Watu wa karibu sana na sisi Bakwesi. Waya ulipokuja, sisi tukateremshwa huku. Wao wengine wakavuka Uganda, wengine wakapanda mlima kule juu ya Cheptais, leo wajukuu wao hata salamu yetu hawaijui. Huku hakuna Mlunani hata mmoja wa kusimama aseme huyu ni wetu. Na huko mashambani, bana, mtu anajiita kile kitakachompa kazi. Leo ni huyu, kesho nyapara amebadilika, yeye pia amebadilika."

Jikoni, mikono ya Nanyama ilikuwa imesimama juu ya kunde. Nasimiyu aliona, akashangaa, lakini hakuwa na nafasi ya kuuliza.

"Babu aliniambia sisi ni Balunani," alisema Mukhisa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Sina mwingine wa kuuliza."

"Babu wa mashambani," Wepukhulu alisema. "Huko kila mzee ni babu. Baba yako aliitwa nani?"

"Petro."

"Petro ni jina la kanisa. La nyumbani?"

"Sikuwahi kulisikia, mzee."

Agneta akatikisa kichwa, mwiko ukiwa hewani. Nasimiyu aliuma mdomo mpaka akaonja chumvi. Alitamani kutoka mbio aseme baba, mwangalie uso wake, uso huo unaweza kudanganya? Lakini binti hatokei barazani siku ya posa yake bila kuitwa.

Wepukhulu alikuwa anaendelea, na sasa upole umeanza kumwisha. "Ulitahiriwa wapi?"

"Huko huko shambani. Mwaka wa arobaini na sita."

"Na tope? Alfajiri ile ulipakwa tope wapi?" Mzee alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bwawani kwa mzungu? Pale ng'ombe zake wanakunywa na kukojoa?"

Jamani, kuna matusi na matusi. Mtu unaweza kumwita maskini, ukamwita mjinga, akavumilia. Lakini kwao tope la alfajiri ni jambo jingine kabisa. Kijana huamshwa giza likiwa bado zito, akapelekwa na wanaume wa ukoo wake kwenye maji ya ukoo wake, akapakwa kuanzia kichwani mpaka miguuni, kisha akarudishwa nyumbani kwa njia nyingine, akiwa kimya, kwenda kukikabili kisu. Ukimwuliza mwanaume alitoka wapi, atakutajia yale maji. Festus mwenyewe alisahau ucheshi, akainua mkono kama anayetaka kumzuia kijana.

Mukhisa hakupandisha sauti.

"Mzee, umenitukana ukiwa umekaa kwako, na mimi nitakujibu kwa heshima. Haikuwa bwawani. Ukipita bwawa, ukapanda juu, kuna jiwe kubwa limepasuka katikati, na mkuyu umeota ndani ya ufa. Chini yake maji yanatoka baridi hata mwezi wa kiangazi. Tope lake si jekundu kama la huku. Ni la kijivu, na likikauka kwa ngozi linakuwa jeupe kama unga. Vyura wanapiga kelele njia nzima, halafu ukitia mguu tu, wote kimya. Babu alikuwa amezeeka, hakuweza kuinama vizuri, lakini alilala chali akapita chini ya waya ili anifikishe. Mzungu angemkuta pale angemfukuza shambani. Alienda tu."

Nasimiyu alichungulia, akamwona baba yake amesahau kufunga mdomo.

"Mahali hapo," alisema Wepukhulu polepole, "mnapaitaje?"

"Namakhele."

Bakora ya mzee ilianguka sakafuni. Hakuinama kuiokota.

"Mkuyu bado uko?"

"Uko, mzee. Mzungu alitaka kuung'oa mwaka juzi, trekta ikazama mpaka shingoni. Akaacha."

"Ikazama!" Wepukhulu alicheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha kweli, cha mtoto, Nasimiyu hakuwahi kukisikia. "Ikazama, eh? Namakhele hiyo! Festus, unasikia? Mimi nimepakwa tope hapo. Mimi! Nilikuwa mwembamba hivi. Baba yangu alinishika bega. Nilipoteremka huku niliambiwa wamelima kila kitu, wamefukia maji, hakuna kilichobaki. Nikaamini. Wanangu wakubwa nimewapaka tope la mtaro wa hapo chini, jekundu, la juzi juzi tu, na kila mara ninaona aibu, simwambii mtu." Alikuwa amesimama, mikono imenyooka mbele, anamwendea Mukhisa kumkumbatia. "Kumbe yapo! Kijana, kumbe maji yetu yapo!"

Nasimiyu alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alimshika mama yake mkono. "Mama, umesikia? Mama, mchinje huyo jogoo!"

Lakini barazani miguu ya Wepukhulu ilikuwa imesimama.

"Maji yetu," alirudia, na sauti ikabadilika. Alirudi nyuma, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyekatwa nguvu. "Bakwesi. Yalikuwa maji ya Bakwesi, ingawa Balunani walipewa siku yao."

"Mzee?" Festus aliuliza.

"Nilikuwa na ndugu mdogo. Makokha. Tulipoteremka, yeye alibaki nyuma na ng'ombe zetu, akasema atafuata. Hakufuata. Nilisikia ameandikwa kazi shambani, amebadilisha jina, amechukua jina la kanisa na ukoo wa nyapara wake. Nilituma watu, hawakumwona." Alimtazama Mukhisa, na macho yake yalikuwa na huzuni. "Ndiyo maana ninauliza sana, kijana. Si madharau. Ninaogopa. Kila kijana anayetoka huko ninaogopa. Sasa wewe unaniambia umepakwa tope la Namakhele. Baba yako ni Petro, jina la nyumbani hulijui. Kama yule mzee alikuwa babu wa kuitwa tu, na Petro ni Makokha, basi wewe ni mwanangu. Na yule aliye jikoni ni dada yako."

Nasimiyu hakusikia mara moja. Maneno yaliingia masikioni yakasimama mlangoni, yakakataa kuingia ndani. Kisha yakaingia yote pamoja. Dada yako. Alikumbuka kiganja chake katika kiganja cha Mukhisa, kule Kitale, na alivyolala siku ile amekumbatia mkono wake mwenyewe. Huyu asingekuwa tena mtu wa kukataliwa, ambaye angeweza kumlilia kwa siri maisha yake yote. Hata kumlilia ingekuwa haramu.

Mukhisa aligeuza uso kuelekea dirishani. Tangu afike hakuwa ameangalia upande ule, kwa adabu. Sasa aliangalia, akamwona, macho yao yakakutana kwa muda wa pumzi moja. Halafu akayaondoa. Akayaondoa upesi, akayaweka chini, kama mtu aliyegusa kisichokuwa chake.

Hilo ndilo lililomuumiza Nasimiyu kuliko yote. Alichutama pale pale kando ya benchi, uso ndani ya leso, na jogoo akasogea kumpisha.

"Agneta, shika hizi mboga," alisema Nanyama.

Alisimama, akakung'uta gauni, akatoka nje. Agneta alimwita kwa sauti ya chini, "Wifi, huko kuna wanaume," lakini huyo tayari alikuwa amevuka ua, amesimama mbele ya baraza, mikono kiunoni.

"Wepukhulu."

"Nanyama, tafadhali. Haya ni mambo ya tope. Si mambo ya wanawake."

"Kama si mambo ya wanawake, mbona ni mwanamke anayelia jikoni? Mimi ndiye nilikubeba mgongoni, wewe. Nyamaza kidogo." Alimgeukia Mukhisa. "Mwanangu, nitakuuliza neno moja. Usinijibu haraka, na usitafute jibu la kunifurahisha, kwa sababu hulijui. Ulipoingia kwenye lile tope, ulisimama vipi?"

"Nanyama!" Wepukhulu alishtuka.

"Ulisimama umeangalia wapi?"

Mukhisa alimtazama Wepukhulu, kuomba ruhusa. Mzee alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Jikoni Nasimiyu alikuwa ameinua uso. Hakuelewa swali, wala hakujua jibu lipi ni la kumwokoa. Alichojua ni kwamba shangazi yake haulizi maswali ya bure. Alisimama, akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Nilitaka kuangalia mlima," alisema Mukhisa. "Kulikuwa kunaanza kupambazuka na ulikuwa mzuri sana, umevaa wingu kichwani. Lakini babu alinikamata mabega akanigeuza kwa nguvu, mpaka nikateleza. Mlima ukabaki mgongoni kwangu, na jiwe mkono wa kulia."

"Alisema kitu?"

"Alisema..." Mukhisa alikunja uso akikumbuka. "Alisema, 'Usiangalie huko. Huko wanaangalia shemeji zetu. Sisi tunaangalia jua linakotoka.' Nilimwuliza shemeji gani, na sisi hatuna mtu. Akasema watakuja."

Nanyama alijishika kifua.

Wepukhulu aliinuka taratibu. "Sisi tuliangalia mlima," alisema. Alikuwa anajisemea mwenyewe. "Mimi, baba yangu, Makokha, wote. Jiwe mkono wa kushoto. Tuliangalia mlima. Hakuna mzee ambaye angemgeuza mtoto wa Makokha mgongo kwa mlima, hata kama Makokha amebadilisha jina mara mia." Kisha akamgeukia dada yake. "Lakini Balunani walikuwa na siku yao. Hatukuchanganyika nao pale majini hata siku moja. Mimi mwenyewe sikujua walisimama vipi. Wewe ulijuaje?"

"Niliambiwa."

"Na nani?"

"Na mmoja wao." Mama huyu mkavu, mwenye ulimi wa wembe, alikuwa ameinamisha macho kama msichana. "Sisi wasichana tulikuwa tunawangoja njiani na nyimbo, wakirudi. Nyinyi mlirudi kwa njia ya majani, wao kwa njia ya mawe. Kulikuwa na mmoja alishuka ile njia ya mawe, tope jeupe mpaka kwenye kope, akanitazama. Baadaye akaniambia yote. Jinsi walivyosimama, jua walivyolitazama. Hakupaswa kuniambia."

"Alikuambia mambo ya tope!" Wepukhulu alihamaki, miaka karibu arobaini imeshapita. "Mwanaume mzima!"

"Alikuwa ananipenda, Wepukhulu. Watu wakipendana husema mengi. Mavuno yakiisha angekuja na watu wake, kama hivi. Waya ukaja kabla ya mavuno. Wao wakaenda upande wao, sisi tukaletwa huku, na mimi nikaolewa mahali pazuri tu, sina lawama." Alifuta pua kwa ncha ya leso. "Lakini usinifanye nione jambo hilo hilo mara mbili. Huyu ni Mlunani. Tulikuwa tunaoana nao tangu zamani. Wewe unajua."

Festus alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kwa hivyo, mzee, huyu si ndugu?"

"Si ndugu," alisema Wepukhulu.

"Yaani, hakika, si ndugu?"

"We mtu, utaniuliza mara ngapi? Si ndugu! Ni shemeji!" Akacheka, machozi yakimtoka, akamshika Mukhisa kichwa kwa mikono yote miwili na kumtikisa kama anayetaka kuhakikisha kimekaa vizuri. "Babu yako alipita chini ya waya na mgongo wake mbovu. Na mimi nimekaa hapa namtukana. Nisamehe, kijana."

"Imekwisha, baba," alisema Mukhisa. Alisema baba, na hakuna aliyemkosoa.

Nasimiyu alikaa chini kwa mara ya pili, lakini sasa kwa furaha. Mama yake alimpigapiga mgongo.

"Sikia," Wepukhulu alikuwa anasema nje. "Mambo ya ng'ombe tutazungumza siku nyingine, watu wako wakuu wakiwepo, tuwatafute hata kama ni huko Cheptais. Mimi nina jambo moja tu. Mwaka ujao ni mwaka wa tohara. Nina kitinda mimba, Nyongesa. Huyu sitaki apakwe lile tope la mtaro. Unaweza kutupitisha?"

"Mzungu huenda Kitale na hulala huko siku za mkutano wao," alisema Mukhisa. "Nitawangoja kwenye waya. Nitauinua mwenyewe."

"Nitalala chali kama babu yako?"

"Hapana, baba. Nitauinua juu kabisa. Utapita umesimama."

Wepukhulu aliangalia upande wa mlima. Halafu alikohoa, akavuta koti lake, akageuka kuelekea jikoni na kupiga kelele iliyowafanya mbwa waruke.

"Agneta! Huyo jogoo anangoja nini?"

Festus alisema amina kwa sauti kubwa, na watu wote wakacheka.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea magharibi Nasimiyu alipotoka na birika la maji ya moto, beseni, na taulo begani. Alimnawisha baba yake kwanza, kisha Festus, ambaye alinawa mpaka kwenye viwiko kama anayejiandaa kwa kazi nzito. Mwisho akapiga goti mbele ya Mukhisa. Maji yalianza kumiminika juu ya vidole vile alivyovijua.

"Uliyaondoa macho," alimnong'oneza, bila kuinua uso.

"Sikujua nikuangalie kama nani."

"Ukayaondoa upesi hivyo?"

"Nasimiyu, kama ningechelewa kidogo, nisingeweza tena."

Aliinua uso. Mukhisa alikuwa anamwangalia, wazi, mbele ya baba yake, mbele ya mjomba, mbele ya shangazi aliyesimama mlangoni na sahani ya ugali, na safari hii hakuyaondoa. Maji yaliendelea kumiminika. Yalijaza beseni, yakapita ukingo, yakaanza kutiririka sakafuni kuelekea kwenye viatu vya Festus.

"Nasimiyu," alisema Wepukhulu, "huyo ameshatakata. Leta kuku."